Funga hesabu za duka kabla ya kufungua daftari

Muhula mfupi wa Juni hadi Agosti huwakuta wafanyabiashara wanaosoma Kampala katika miezi yenye shughuli nyingi mpakani. Anayeumaliza salama ni yule anayezipangia saa zake kama anavyoupangia mtaji.

KAMPALA

Saa kumi na moja jioni, Kikuubo bado inachemka. Wapagazi wanapenya na marobota kichwani wakipiga kelele wapishwe njia. Malori yanapakia kwenye kichochoro ambacho hata bodaboda hupita kwa shida, na simu za wenye maduka zinalia bila kupumzika. Mteja wa Goma anauliza kama mzigo wake umeondoka. Mteja wa Juba anataka auziwe kwa bei ya jana. Wakala wa Malaba anasema karatasi moja ina kosa.

Saa hiyo hiyo, madarasa ya jioni yanaanza kujaa kwenye kilima cha Makerere na upande wa Nakawa, kwenye shule ya biashara ya chuo hicho, MUBS. Kati ya wanaopanda ngazi wamo watu waliofunga duka muda mfupi tu uliopita. Mikono yao ina harufu ya sabuni, ya viatu vipya au ya vitambaa, na simu zao bado zinatetemeka mfukoni.

Wanasoma uhasibu, ununuzi, sheria au usimamizi wa biashara. Wengine wanatafuta cheti cha Afrika Mashariki cha forodha na uwakala wa mizigo, kinachosimamiwa na mamlaka za mapato za nchi za jumuiya pamoja na shirikisho la mawakala wa mizigo, FEAFFA. Sababu haiko mbali. Mpaka wa leo hauvukwi kwa nguvu za mabega peke yake. Tamko la mzigo hujazwa kwenye kompyuta, kanuni za uasili wa bidhaa zina vifungu vyake, na asiyeweza kuisoma hesabu ya ushuru hulipa anachoambiwa.

Kwa wengi wao mtihani mgumu kuliko wa darasani ni kalenda, hasa unapofika muhula mfupi wa katikati ya mwaka, ambao wanafunzi wa Kampala huuita tu risesi.

Wiki chache, saa zile zile

Makerere ina mihula miwili mikubwa ya wiki 17 kila mmoja, wa Agosti hadi Desemba na wa Januari hadi Mei. Katikati hubaki muhula mfupi wa wiki 10. Baadhi ya programu huutumia kwa mafunzo ya vitendo kazini, nyingine kwa masomo yaliyopangiwa kipindi hicho. Ratiba hutofautiana kati ya chuo na chuo, na hata kati ya kitivo na kitivo, kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwanafunzi ni kuwa na ratiba ya programu yake mkononi, iliyochapishwa, kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Ufupi wa muhula huu unawadanganya watu. Mtu husikia wiki 10 akadhani kazi nayo imepungua, kumbe kilichopungua ni siku tu.

Hesabu yake ni hii. Kwa kanuni za Makerere, kipimo kimoja cha somo ni saa 15 za darasani. Somo la vipimo 3 basi ni saa 45. Likifundishwa kwa wiki 15 za muhula mkubwa, ni saa 3 kwa wiki. Likibanwa ndani ya wiki 8 ili wiki mbili za mwisho zibaki za mitihani, linakaribia saa 6 kwa wiki. Mwalimu ni yule yule na kurasa ni zile zile, ila mwendo ni karibu mara mbili.

Tumchukue mama mmoja wa mfano anayeuza vyombo vya nyumbani kwa jumla. Tumwite Mama Vyombo. Anajiandikisha masomo mawili. Wiki yake, kama ya kila mtu, ina saa 168. Duka, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kwa siku sita, linachukua saa 60. Usingizi wa saa 7 kila usiku ni saa 49. Njiani, kati ya taksi na foleni, saa 12. Nyumbani, kupika, kuoga na kuwasimamia watoto, saa 3 kwa siku, yaani 21. Ibada na ndugu, saa 4. Jumla ni saa 146, na anabaki na saa 22. Masomo mawili ya darasani yanachukua kama saa 11. Akijisomea saa moja tu kwa kila saa ya darasa, ni nyingine 11.

Hesabu imefunga kwa sifuri. Hakuna msiba, hakuna harusi, hakuna mtoto aliyeamka na homa, hakuna lori lililokwama. Safari moja ya Busia, kama kilomita 200 kwenda na nyingine 200 kurudi, inakula kipindi kizima cha jioni na nusu ya usingizi. Mfanyabiashara hawezi kukubali mtaji usio na akiba hata senti moja, lakini wengi huingia muhula mfupi na muda wa namna hiyo hiyo.

Dawa ya kwanza, basi, haiko kwenye kalamu za rangi wala kwenye programu ya simu. Ni kuandika hesabu hii kabla ya siku ya kujiandikisha. Mama Vyombo akichukua somo moja badala ya mawili, saa 11 zinarudi mfukoni, na hizo ndizo akiba yake. Akitaka mawili, lazima saa 11 zitoke dukani: amwachie mtu mwingine ufunguo kwa alasiri mbili au tatu kila wiki. Zisitoke kwenye usingizi, kwa sababu mtu asiyelala hukosea chenji mchana na hukosea jibu usiku.

Juni na Julai hazina huruma

Hesabu ya saa pekee haitoshi, kwa kuwa wiki za muhula huu hazilingani uzito. Kwa anayefanya biashara ya kuvuka mpaka, zinaanguka pabaya.

Tarehe 3 Juni ni Siku ya Mashahidi. Mahujaji kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda, Kongo na kwingineko hujaa Namugongo, wengine wakifika kwa miguu, na mauzo mjini hupanda. Tarehe 9 Juni ni Siku ya Mashujaa, sikukuu ya taifa Uganda. Katikati ya Juni, kwa desturi ya jumuiya, nchi kadhaa husoma bajeti zao siku moja. Kisha inakuja tarehe 1 Julai, mwaka wa fedha unapoanza Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda, na mabadiliko ya ushuru wa forodha yanapoanza kutumika. Ilikuwa tarehe 1 Julai 2022 ambapo daraja la nne la ushuru wa pamoja wa nje, asilimia 35, lilianza kutozwa kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika kutoka nje ya jumuiya. Wiki za kabla ya tarehe hiyo, kila mwenye mzigo njiani huwa anauliza uingie lini.

Juu ya hayo, watoto wa shule za Uganda huwa katika muhula wa pili, maana yake karo imeshalipwa au inadaiwa.

Kwa hiyo kalenda ya mwanafunzi mfanyabiashara haiwezi kuwa mbili, moja ya duka ukutani na nyingine ya chuo kwenye simu. Karatasi moja inatosha, yenye mistari 10 kwa wiki 10 na safu mbili: chuo na biashara. Kinachoandikwa kwanza ni tarehe zisizosogea, yaani majaribio, kazi za kuwasilisha na mitihani. Zinafuata tarehe za serikali na sikukuu. Safari za kununua mzigo huandikwa mwisho, kwenye nafasi zilizobaki, kwa sababu safari ndiyo kitu pekee kwenye karatasi hiyo ambacho mwenyewe ana mamlaka ya kukisogeza.

Wengi hufanya kinyume. Safari hupangwa kwanza kwa kuwa mteja amepiga simu, halafu mwalimu huombwa jaribio lisogezwe. Mara ya kwanza mwalimu anaweza kuelewa. Mara ya tatu ni jina la mwanafunzi linaloharibika.

Karatasi hiyo ikijazwa, mara moja huonyesha wiki nyekundu, ile ambayo jaribio na mzigo vimegongana. Kuiona wiki tatu kabla ni kupata nafasi ya kuagiza mzigo mapema, au kumtuma ndugu, au kusoma sura mbili mbele. Ukiigundua siku yenyewe, huna tena la kuchagua.

Mwili darasani, kichwa Malaba

Hata mwenye ratiba safi anaweza kukaa darasani saa tatu akatoka mikono mitupu. Mwili umefika Makerere, kichwa kimebaki Malaba na ile karatasi yenye kosa.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2009, mtafiti wa mambo ya kazi Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anayeiacha kazi kabla haijakamilika na kurukia nyingine huifanya ile ya pili vibaya zaidi, kwa sababu sehemu ya mawazo yake inabaki kwenye kazi ya kwanza. Mwaka 2018, yeye na mwenzake Theresa Glomb waliripoti dawa iliyo rahisi mno. Waliowekewa nafasi fupi ya kuandika walipoishia, na watakachofanya kwanza wakirudi, waliihamia kazi ya pili wakiwa na kichwa chepesi zaidi.

Anayefanya biashara anaijua dawa hii kwa jina lingine: kufunga hesabu za siku. Hakuna mwenye duka makini anayezima taa bila kuandika kilichouzwa, kinachodaiwa na kitakachoagizwa kesho. Anachohitaji ni kuisogeza kazi hiyo kutoka usiku hadi saa ya kuondoka kwenda chuo, na kuiandika kwa mistari mitatu: nimeishia wapi, nani anasubiri jibu, nitaanza na nini nikirudi. Kwa Mama Vyombo, mistari hiyo ingeweza kuwa hivi: "Mzigo wa Goma umepakiwa, karatasi bado. Anasubiri wakala wa Malaba. Saa tatu na nusu usiku nampigia yeye kwanza." Kinachochukua dakika mbili kuandika kinaokoa saa tatu za darasa.

Waliowahi kupita Busia na Malaba kabla na baada ya vituo vya pamoja vya mpakani wataelewa kwa nini. Zamani lori lilisimama upande wa Kenya likakaguliwa, likavuka, likasimama tena upande wa Uganda likakaguliwa upya. Chini ya mfumo wa kituo cha pamoja husimama mara moja tu, upande wa nchi linakoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wako hapo. Mwanafunzi anayeangalia simu kila dakika tano analisimamisha lori lake mara arobaini kwa jioni moja.

Simu, lakini, si anasa kwa watu hawa. Pesa huingia humo, wateja wako humo, na picha za bidhaa ziko humo. Kumwambia mfanyabiashara aizime kwa saa tatu ni kumwambia afunge mlango wakati mteja yuko nje. Linalowezekana ni kumpa mteja saa. Anayejua atajibiwa saa tatu na nusu usiku hasumbui saa moja. Kinachomfanya apige mara kumi ni kutojua. Ujumbe mmoja kwa wateja wakubwa mwanzoni mwa muhula, ukitaja siku za darasa na saa ya kupokea simu, huondoa nusu ya kelele.

Nusu iliyobaki ni ya msaidizi. Mazungumzo ya kabla ya kuondoka yasizidi haya:

"Mama, mteja wa Bukavu akipiga tena?"

"Mwambie saa tatu na nusu nitampigia mwenyewe. Pesa ikiingia, andika kwenye daftari jekundu. Usinipigie ila kwa moto, wizi au mtoto mgonjwa."

Msaidizi aliyepewa mambo matatu anayajua. Aliyeambiwa "nipigie kukiwa na shida" ataona shida kila mahali.

Kujiuliza kunazidi kurudia

Likija suala la kusoma kwenyewe, saa 11 za kujisomea zinaweza kuwa nyingi au chache kutegemea zinavyotumika. Mazoea ya wengi ni kusoma noti, kuzisoma tena, kisha kuzipitisha kalamu ya rangi. Kusoma tena kunampa mtu raha ya kuona kurasa anazozitambua, akadhani anazijua.

Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja, kisha likajaribu kuandika linachokumbuka mara tatu bila kuangalia. Dakika tano baadaye, waliosoma mara nne walikuwa mbele. Wiki moja baadaye mambo yalipinduka: waliosoma mara nne walikumbuka kama asilimia 40, waliojijaribu kama asilimia 61. Na mtihani, kama deni, hauji baada ya dakika tano.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwishaonyesha tangu mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba mtu husahau kwa kasi sana siku za mwanzo, na kwamba marudio yaliyoachiana nafasi hushikamana kuliko yaliyorundikwa siku moja. Kwa muhula wa wiki 10 hiyo ni habari njema, kwa sababu mfanyabiashara hana siku nzima za kurundika. Ana vipande: dakika ishirini ndani ya taksi iliyokwama, nusu saa kabla wateja hawajaanza, saa mbili za basi la kurudi kutoka mpakani. Vipande hivyo havitoshi kusoma sura mpya. Kwa kujiuliza maswali kumi ya sura ya juzi, vinatosha kabisa.

Vifaa vyake ni vya bei ndogo: daftari dogo la mfukoni, swali upande mmoja wa karatasi, jibu upande wa pili. Noti za chuo zilizoko kwenye mtandao, kwa mfano mfumo wa Makerere uitwao MUELE, zipakuliwe zikiwa bado Kampala, kabla ya safari, si mpakani ambako mtandao unayumba na bando linakwisha.

Maswali bora kuliko yote yako dukani. Somo la kodi linasomeka vizuri zaidi kwenye ankara ya kweli kuliko kwenye mfano wa kitabu. Chukua bidhaa ya kutoka nje ya jumuiya yenye thamani ya forodha ya dola 1,000. Ushuru ukiwa asilimia 25 ni dola 250. Kodi ya ongezeko la thamani Uganda, asilimia 18, hutozwa juu ya jumla ya dola 1,250, nayo ni dola 225. Ukiacha tozo nyingine, ni dola 475. Bidhaa hiyo hiyo ikiwa kwenye daraja la asilimia 35, ushuru ni 350, kodi ni 243, jumla 593. Tofauti ni dola 118, wala si 100 kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa kodi ya pili inatozwa juu ya ile ya kwanza. Anayeifanya hesabu hii kwa mzigo wake mwenyewe haisahau kwenye mtihani, na haisahau anapokaa mbele ya wakala.

Kadhalika na utaratibu wa biashara iliyorahisishwa, unaomruhusu mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za jumuiya zisizozidi dola 2,000 kutumia cheti rahisi cha uasili hapo hapo mpakani. Anayeuza kwa utaratibu huo tayari anajua nusu ya somo. Kinachobaki ni kuyaweka maneno ya darasani juu ya kazi anayoifanya kila wiki.

Usisome peke yako

Darasa la jioni la Kampala mara nyingi ni jumuiya ndogo: Mganda, Mkenya, Mnyarwanda, Mkongomani, mtu wa Juba. Kundi la watu wanne linaweza kuwa kinga kubwa kuliko ratiba yoyote, likiendeshwa vizuri. Makundi mengi hufa kwa sababu huanza na gumzo na kuisha na gumzo. Linalodumu huwa na kazi: kila mmoja hushika sura moja na kuja na maswali matano, na aliyesafiri hupelekewa maswali hayo hata kama hakupata noti. Lugha ya mtihani ni Kiingereza, lakini hakuna aliyezuia kundi kulielewa jambo kwa Kiswahili kwanza, kisha kulitafutia maneno ya mtihani.

Jambo hili lina maana pia kwa wanaovuka mpaka kuja kusoma. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lina makao yake hapa hapa Kampala, na mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi za jumuiya walitangaza ukanda huu kuwa eneo moja la elimu ya juu. Vipimo vya masomo vinapokusudiwa kutambulika kutoka nchi moja hadi nyingine, somo lililofaulishwa Kampala ni mali inayoweza kusafiri. Somo lililofeliwa linasafiri nalo pia, liko kwenye hati ile ile.

Kujua la kuacha

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Kwa masomo ya shahada ya kwanza Makerere, alama ya kufaulu ni asilimia 50. Anayeshindwa hulirudia somo linapofundishwa tena, na hulilipia tena. Anayeshindwa somo lile lile mara tatu, au ambaye wastani wake unabaki chini ya 2.0 kati ya 5 kwa mihula mitatu mfululizo, huondolewa kwenye programu. Ada iliyolipwa kwa fedha ya duka haimrudii, wala miaka haimrudii.

Kwa hiyo kupunguza mzigo mapema si kushindwa. Aliyechukua somo moja akalifaulu ameingiza mali ghalani. Aliyechukua matatu akafeli mawili amenunua kwa mkopo bidhaa isiyouzika. Wanaoona wiki ya tatu kwamba saa hazitoshi wana mlango wa kuzungumza na mratibu wa programu kabla tarehe za kubadili usajili hazijapita. Wanaongoja wiki ya tisa huwa wamebakiwa na maombi tu.

Makerere imewahi kuona watu wakibeba mizigo miwili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanafunzi Mkenya aliyejulikana wakati huo kwa jina la James Ngugi alikuwa akisoma shahada ya Kiingereza hapo huku akiandika riwaya na tamthilia. Mwezi Juni 1962, waandishi wa Afrika walipokutana kwenye kilima hicho, tayari alikuwa na mswada wa kumwonyesha Chinua Achebe. Riwaya yake ya kwanza, Weep Not, Child, ilitoka mwaka 1964, na dunia ikaja kumjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Hakuwa na duka, ni kweli. Lakini mzigo wa pili alikuwa nao, na aliutua kipande kwa kipande, masomo yakiendelea.

Mwezi Agosti mwanzoni, wiki ya kumi ikifika, Kikuubo itakuwa ile ile. Malori yatapakia, wapagazi watapiga kelele, na mteja wa Juba bado atataka bei ya jana. Mama Vyombo wa mfano wetu atakuwa ameingia chumba cha mtihani na kalamu mbili na kitambulisho. Simu itakuwa imebaki kwa msaidizi, na kwenye daftari jekundu kutakuwa na mistari mitatu: ameishia wapi, nani anasubiri, ataanza na nini akirudi.